Yule mtu aliyesimama chini ya tangi: alikuwa steringi au hakuwa?

Swali la msomaji:

"Mwalimu, shikamoo. Juzi nimeangalia na baba ile filamu ndefu ya kauboi ya Sergio Leone, Once Upon a Time in the West. Mwanzoni kabisa, pale stesheni, yupo mtu mweusi, mrefu, kipara, anasimama chini ya tangi na maji yanamdondokea kichwani. Dakika chache baadaye anapigwa risasi na habari yake inaishia hapo. Baba akaniambia, 'Huyo usimwone hivyo, alikuwa steringi.' Nimetafuta mtandaoni nikakuta orodha ndefu ya filamu zake, lakini naona nafasi ndogo ndogo tu. Nani kati yetu amekosea? Na kama baba ana haki, tuanze kuangalia ipi?"

Marahaba, mwanangu, na mzee wako mfikishie salamu. Mtu huyo ni Woody Strode, na swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani, kwa sababu nimeishi na sura yake miaka mingi na mara chache mtu huniuliza habari zake.

Mzee wako hajakosea, na wewe orodha umeisoma sawasawa. Strode alikuwa na kila kitu cha steringi: umbo, macho, mwendo, ule uzito unaokufanya umtazame yeye hata kama anayezungumza ni mwingine. Alichonyimwa ni hadithi. Hollywood ilimpa hadithi moja tu kubwa iliyomhusu yeye toka mwanzo hadi mwisho, mwaka 1960, na hata hiyo majina ya wengine yalitangulizwa. Nyingine ilibidi aifuate Italia, na humo alicheza mtu ambaye msomaji yeyote wa Kiswahili, hasa wa upande wa Kongo, atamtambua bila kutajiwa jina. Nitafika huko.

Kwetu steringi ni yule asiyekufa mpaka filamu iishe. Kwa kipimo hicho Strode anaanguka mapema, maana amekufa kwenye filamu nyingi sana. Lakini mimi humpima kwa kipimo kingine: akishakufa yeye, filamu inabaki vilevile? Shika swali hilo, litatusaidia mbele.

Kwanza alitoka wapi. Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914, na maisha yake ya kwanza hayakuwa ya sinema, yalikuwa ya uwanjani. Alikuwa mwanariadha mwenye mwili uliowashangaza watu kiasi kwamba mchoraji Hubert Stowitts alimchora pamoja na wanamichezo wengine wa Marekani, na picha hizo zikapelekwa Berlin kuonyeshwa wakati wa Olimpiki ya mwaka 1936. Wanazi wakayafunga maonyesho, kwa kuwa kati ya waliochorwa walikuwamo weusi na Wayahudi. Mwaka 1939 alikuwa kwenye timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha UCLA pamoja na rafiki yake Kenny Washington na kijana mwingine aliyeitwa Jackie Robinson, yuleyule ambaye mwaka 1947 angeuvunja ukuta wa rangi kwenye besiboli.

Robinson anajulikana dunia nzima. Wachache wanakumbuka kwamba Washington na Strode walimtangulia kwa mwaka mmoja. Ligi kuu ya mpira wa Kimarekani haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja tangu mwaka 1933. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles na ikautaka uwanja wa Coliseum. Uwanja ule ni wa umma, umejengwa kwa kodi za watu wote, na waandishi wa magazeti ya weusi wakasimama kwenye kikao na kuuliza: mtaupangishaje kwa timu inayobagua? Rams wakamsajili Washington, kisha Strode. Wakati huo Strode alikuwa anakaribia miaka 32, umri ambao wachezaji wengi wa mchezo ule wanafikiria kustaafu, na alicheza msimu mmoja tu. Akavuka kwenda Kanada, akachukua ubingwa na Calgary mwaka 1948, kisha akaingia kwenye mieleka ya kulipwa.

Nimeisimulia habari hiyo kwa sababu inaeleza jambo moja. Strode alipoingia kwenye uigizaji kwa kazi ya kudumu alikuwa mtu mzima anayekaribia miaka 40, hajapita jukwaani, hajasomea uigizaji, mwili wake umeshazoea kuonyeshwa mbele ya halaiki. Waongozaji walimwona hivyohivyo: mwili. Alikuwa na urefu wa kama mita 1.93, mabega mapana, tumbo kama ubao. Sasa zingatia walichomfanyia.

Tayari mwaka 1941 alikuwa amepewa sehemu ndogo kwenye Sundown, filamu ambayo hadithi yake imewekwa Kenya ya wakati wa ukoloni lakini haikupigwa Kenya. Miaka ya 1950 ukaja msururu wa filamu za porini, zile ambazo mzungu anaitwa bwana kila baada ya sentensi mbili na Waafrika wanabeba mizigo, wanapiga ngoma, wanakimbia. Strode yumo humo, mkuki mkononi. Yumo pia kwenye televisheni, kwenye mfululizo wa Ramar of the Jungle, wa mtindo uleule. Mwaka 1952 walimvika ngozi ya simba akacheza simba kwenye Androcles and the Lion; sura yake haionekani kabisa. Kwenye The Ten Commandments ya mwaka 1956 alipewa nafasi mbili, mfalme wa Ethiopia na mtumwa, maana Cecil B. DeMille alihitaji umbo lile pande zote mbili za kiti cha enzi. Kwa miaka kama minane alilipwa kwa kusimama.

Mimi siidharau miaka hiyo. Mtu anayelipwa kwa kusimama ana njia mbili: asimame kama nguzo, au ajifunze kusimama mpaka kusimama kwenyewe kuwe na maana. Strode alijifunza. Kuna waigizaji wenye shahada za jukwaani ambao kamera ikiwaacha bila maneno kwa sekunde kumi mikono yao inatafuta pa kwenda. Mikono ya Strode haikutafuta kitu.

Mwaka 1959 akapewa maneno. Kwenye Pork Chop Hill, ya vita vya Korea, anacheza askari Franklin ambaye hataki kupanda kile kilima. Luteni ni Gregory Peck. Franklin anamwelekezea bunduki na kumwambia kwamba hana sababu ya kufia Korea, na kwamba kama angeona anavyoishi kule nyumbani Marekani, angejua hata huko hakumpi sababu. Ni dakika chache tu, lakini fikiria mwaka wenyewe: mtu mweusi, mwenye silaha, kwenye filamu kubwa, anataja nyumba anayoishi kama hoja.

Halafu ukaja mwaka 1960. Hapa naomba mzee wako asogeze kiti.

Spartacus ya Stanley Kubrick inadumu zaidi ya saa tatu, na Strode hayumo hata kwenye robo yake. Anacheza Draba, mtumwa Mwafrika kwenye shule ya wapiganaji ya Capua. Mapema, Spartacus, yaani Kirk Douglas, anamuuliza jina lake. Draba anakataa kulisema. Anamwambia hataki kumjua wala kujulikana, kwa sababu siku wakikutanishwa uwanjani itabidi amuue. Basi. Akae na uji wake.

Siku inafika. Matajiri wamekuja kutoka Roma, wanawake wawili wa kikabaila wanachagua nani apigane na nani kama wanachagua vitambaa dukani, na mmoja anamtaka huyu mweusi. Draba na Spartacus wanafungiwa kwenye kibanda cha mbao wakisubiri zamu. Wamekaa wakitazamana, magoti karibu yagusane. Nje, jozi ya kwanza inapigana mpaka kufa. Sisi tuko ndani na hawa wawili, tunasikia vyuma, tunaona vivuli kwenye nyufa za mbao. Hakuna anayesema neno. Angalia uso wa Strode hapo. Kuna wakati anainua macho, anamtazama Douglas, na anaachia tabasamu dogo sana, si la dharau, si la woga. Nimeiangalia sehemu hiyo mara nyingi nisizozihesabu na bado siwezi kukuambia kwa hakika tabasamu lile linasema nini. Nafikiri anamwomba radhi kabla.

Wanatoka. Draba ana wavu na mkuki wa ncha tatu, Spartacus ana panga fupi. Draba anashinda. Anamkandamiza ukutani, ncha zote tatu ziko shingoni, na kule juu kwenye roshani wanawake wanaonyesha kidole gumba chini: malizia. Strode anasimama. Kamera inamngoja. Kisha anageuka, anaurusha mkuki kuelekea roshani, na anakimbia kuupanda ukuta ule kwa mikono mitupu. Mlinzi anamchoma mgongoni kwa mkuki. Anaendelea kupanda. Crassus, mmoja wa wale matajiri wa Roma, yaani Laurence Olivier, anainama na kisu kidogo na kumkata nyuma ya shingo, na damu inamrukia usoni. Mwili wa Draba unaning'inizwa miguu juu ili wenzake wapite wauone.

Rudi kwenye swali langu la steringi. Akishakufa Draba, filamu inabaki vilevile? Hapana. Ule uasi wote, yale majeshi, saa mbili zinazofuata, vyote vinatoka kwenye uamuzi wa mtu aliyekataa kutaja jina lake. Strode aliteuliwa kugombea tuzo ya Golden Globe kama mwigizaji msaidizi. Tuzo ya Oscar ya filamu ile alichukua Peter Ustinov, aliyecheza mwenye shule. Ustinov aliifanyia kazi, simnyimi haki yake, lakini Oscar haikumteua Strode hata kugombea, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka huohuo John Ford, mzee wa filamu za kauboi, alitengeneza Sergeant Rutledge. Sajini mweusi wa kikosi cha 9 cha wapanda farasi, Arizona, mwaka 1881, anashtakiwa kwa kumbaka na kumuua binti wa kizungu na kumuua baba yake, ambaye ni mkuu wa kambi. Strode amesimulia kwamba studio ilitaka mwigizaji mwenye jina, Sidney Poitier au Harry Belafonte, na Ford akakataa kwa kuwa alitaka mtu ambaye ukimwona juu ya farasi unaamini kwamba ni askari. Kwa hiyo Strode ndiye jina la filamu, Rutledge ni yeye. Na bado, kwenye orodha ya waigizaji, Jeffrey Hunter na Constance Towers wako juu yake.

Filamu yenyewe ina kasoro. Kesi inasimuliwa kwa kurudi nyuma kila shahidi akipanda, vichekesho vya mahakamani vinazidi, na mhalifu wa kweli anakiri ghafla mno. Lakini kuna mambo mawili ambayo ningelipa kiingilio mara kumi kuyaona. La kwanza ni Rutledge juu ya farasi. Kabla ya hapo, sinema ya Marekani ilikuwa haijamwonyesha mtu mweusi jinsi ilivyomwonyesha John Wayne: kutoka chini, anga lote nyuma yake, kamera ikimwangalia kwa heshima. Strode mwenyewe aliwahi kusema kwamba alipovuka mto Pecos juu ya farasi yule, alikuwa amewavusha weusi wote pamoja naye.

La pili ni kizimbani. Rutledge alikuwa ameshatoroka, yuko huru, mbele yake kuna uhai. Akaona adui wanakwenda kuwashambulia wenzake, akageuza farasi akarudi kuwaonya, akijua anarudi kwenye kamba ya shingo. Mwendesha mashtaka anamsulubu kwa maswali: ulirudi kwa nini, ulitafuta huruma? Na yule mtu ambaye amekaa kimya karibu filamu nzima analipuka. Anasema kikosi cha 9 ndicho nyumba yake na ndicho uhuru wake, na angekimbia asingekuwa chochote. Sauti inamkatika. Anamaliza kwa kusema yeye ni mwanamume, ni mtu. Hiyo ndiyo sauti ambayo miaka minane ya kubeba mikuki haikuitaka.

Sasa utauliza, kwa nini baada ya mwaka kama huo mambo hayakufunguka? Sababu zilikuwa nyingi. Kumbi za majimbo ya kusini bado zilitenganisha watazamaji, na studio zilihesabu tiketi za huko kabla ya kuamua jina la nani liwe juu. Nafasi ya steringi mweusi ilikuwapo, lakini ilikuwa ya mtu mmoja kwa wakati, na ilikuwa ya Poitier, aliyeipigania kwa jasho na akashinda Oscar kwa filamu ya mwaka 1963. Poitier alikuwa na maneno: mwalimu, daktari, mpelelezi, mtu wa kujibizana. Strode alikuwa na ukimya, na hakuna aliyemwandikia filamu ya ukimya.

Televisheni ilijaribu kidogo. Mifululizo ya kauboi ya wakati ule ilikuwa na utaratibu wa mgeni wa wiki: wakazi wa hadithi ni walewale, lakini kila juma anaingia mtu mmoja na mkasa wake, na kwa saa hiyo moja hadithi ni yake. Mwezi Januari 1961 mgeni wa Rawhide, ambamo Clint Eastwood alikuwa bado kijana wa kuchunga ng'ombe, alikuwa Woody Strode, amevaa tena sare ya wapanda farasi weusi. Kama ungepima kwa muda wa kuwa mbele ya kamera, saa kama zile zilimpa zaidi ya filamu nyingi kubwa. Lakini mgeni wa wiki haachiwi kiti. Ijumaa inayofuata anakaa mwingine.

Ford aliendelea kumwita. Kwenye The Man Who Shot Liberty Valance ya mwaka 1962 Strode ni Pompey, mtumishi wa John Wayne. Utasema amerudi chini, kutoka sajini hadi mtumishi, na kweli inauma. Lakini Ford hakumtazama kama mtumishi. Filamu inafunguka na jeneza la mbao la mtu aliyesahaulika na mji wote, na anayekaa na maiti, peke yake, kabla wageni hawajafika, ni Pompey mwenye mvi. Kuna tukio la darasani ambapo Pompey anasimama kukariri Azimio la Uhuru la Marekani. Anafika pale penye usawa wa binadamu wote na kifungu kinampotea. Mwalimu wake anamwambia asijali, wengi hukisahau kifungu hicho. Strode anakaa chini taratibu, kofia mikononi. Siku ya kupiga kura, Pompey yuko nje na bunduki anawalinda wanaopiga.

Kamera zikizimwa, Ford alikuwa na tabia mbaya ya kumchokoza Wayne kwa kumlinganisha na Strode: tazama, huyu ndiye mchezaji mpira wa kweli. Hasira zikapanda mpaka, wakiendesha gari la farasi, nusura wawili wale wakamatane. Ford akapiga kelele kumwomba Strode asimpige, kwa kuwa bado Wayne wanamhitaji kwenye filamu. Pamoja na hayo Strode alimpenda yule mzee kama mzazi. Ford alipofariki, tarehe 31 Agosti 1973, Strode alikuwa nyumbani kwake.

Ya Tarzan's Three Challenges, iliyopigwa Thailand na kutoka mwaka 1963, nitaipita haraka, ingawa kama mzee wako anapenda mapigano, Strode na Tarzan wanapigana juu ya wavu uliotandazwa juu ya masufuria ya mafuta yanayochemka. Ya The Professionals, mwaka 1966, siwezi kuipita kabisa: watu wanne wanaingia Meksiko kumkomboa mwanamke, Burt Lancaster, Lee Marvin, Robert Ryan, na Strode mwenye upinde. Humo anahesabiwa kama mtu wa nne kati ya wanne, wala si msaidizi wa mtu.

Na sasa tangi lako la maji. Mwaka 1968 Leone aliwataka watu watatu wa kumsubiri Charles Bronson stesheni, naye akawachagua watu ambao sura zao peke yake ni hadithi. Jack Elam anahangaika na nzi. Al Mulock anavunja vidole. Strode anakwenda kusimama penye kivuli, na tone la kwanza linamwangukia kwenye kipara. Hasogei. Anavaa kofia. Matone yanaendelea, sasa sauti imebadilika, yanagonga kofia, na ukingo unajaa polepole. Filamu ya kawaida ingempa hapo sekunde tatu. Leone anamwachia muda mpaka wewe mtazamaji unasikia kiu. Treni inapokaribia anaivua kofia, anayanywa yale maji, na anashika bunduki. Strode alisema baadaye kwamba Hollywood haikuwahi kumsogezea kamera usoni namna ile. Mtu mwenye miaka 54! Alikuwa amesubiri kwa zaidi ya robo karne mtu aone kwamba uso huo unatosha.

Mwaka huohuo, hukohuko Italia, Valerio Zurlini alimpa filamu nzima. Inaitwa Seduto alla sua destra, na ukikumbuka Kanuni ya Imani utajua maana yake mara moja: ameketi kuume kwake. Marekani iliuzwa kwa jina la Black Jesus. Strode ni Maurice Lalubi, kiongozi wa nchi ya Kiafrika isiyotajwa, anakamatwa na mamluki, anateswa, anafungwa chumba kimoja na mwizi wa Kiitalia, na anauawa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba Lalubi ni Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Hata Maurice ni jina la mmoja wa wenzake wawili waliokufa naye usiku ule, Maurice Mpolo. Wa pili ni Joseph Okito.

Zurlini amempaka Lumumba rangi za Injili: mwizi kando yake, mateso, msamaha. Lalubi anakataa kabisa kumwaga damu, na hilo si Lumumba ninayemsoma kwenye hotuba zake, aliyekuwa mkali na mwanasiasa hasa. Naona Zurlini alimlainisha kupita kiasi. Lakini sithubutu kusema Mwitalia yule alibuni kitu kigeni. Miaka michache baadaye, Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora kifo cha Lumumba na kuweka misalaba mitatu nyuma ya maiti, na akaieleza kazi yake kwa Kiswahili cha Shaba, yaani cha Katanga, neno kwa neno, kwa mgeni aliyemrekodi. Watu wa Katanga wenyewe walikuwa wameshaiona Kalvari pale.

Na Strode? Sinema ya Italia wakati ule ilitia sauti studio baada ya kupiga picha, na waigizaji wa kigeni walisemewa na Waitalia. Ukiiona nakala ya Kiitalia, maneno ya Lalubi yanatoka kwenye koo la mtu mwingine. Kwa mwigizaji mwingine hiyo ingekuwa hasara kubwa. Kwa Strode inabaki ile kazi aliyoifanya maisha yake yote: anavyoketi sakafuni, anavyomwachia mwizi nafasi ukutani, anavyosikiliza hatua kwenye korido. Filamu yenyewe iliteuliwa kwenda tamasha la Cannes mwaka huohuo wa 1968, na tamasha likavunjwa katikati kwa machafuko ya Ufaransa ya mwezi Mei.

Baada ya hapo aliendelea Ulaya na kwao, nafasi kubwa na ndogo, mpaka The Cotton Club mwaka 1984 na Posse mwaka 1993. Alifariki tarehe 31 Desemba 1994 akiwa na miaka 80. Filamu yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ilitoka mwaka uliofuata ikiwa imetolewa kwa kumbukumbu yake. Mwaka huohuo ikatoka katuni ya Toy Story, na yule kauboi mwanasesere anayeitwa Woody alipewa jina lake. Ukiwa na wadogo zako nyumbani, wamekuwa wakilitaja jina la Strode siku zote.

Mpangilio wa kuangalia? Anzeni na saa ya kwanza ya Spartacus, mpaka Draba atundikwe. Mkipenda mwendelee, mkichoka mlale. Siku ya pili Sergeant Rutledge nzima, na kasoro zake zote. Kisha Liberty Valance, na mwombe mzee wako asimame pale darasani arudie mara mbili. Ya Zurlini ni ngumu kupatikana, na nakala nyingi zinazozunguka zimekatwakatwa, kwa hiyo tafuta ya Kiitalia yenye maandishi chini, hata kama itakuchukua miezi. Halafu rudini stesheni kwa Leone. Zimeni taa, pandisheni sauti, na msimsemeshe mzee wako mpaka maji yafike kwenye ukingo wa kofia.